Natafuta Beetle ya miaka ya 70 na mimi ni Kiziwi: nitaijuaje injini bila kusikia?

Boxer1300 ameuliza:

Wakuu, habari za humu. Mimi ni Kiziwi tangu utotoni, nipo Tanga, na kinachoninyima usingizi ni magari ya zamani yenye vituko: injini nyuma, feni ya hewa badala ya rejeta, gia iliyochomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Kuendesha naendesha na leseni ninayo, hilo halina mjadala. Kazi iko kwenye ukaguzi na matunzo.

Kila nikisoma ushauri wa kununua gari la zamani nakutana na "sikiliza injini". Sikiliza valvu, sikiliza beringi, ukisikia inagonga zima. Magari ya leo yana sensa kila kona, lakini haya ya zamani yaliundwa kwa kuamini kwamba dereva ana masikio.

Yapo matatu mezani:

- Beetle 1300 ya 1972, imewekewa injini ya 1600 yenye kabureta moja. Ipo Arusha.
- Peugeot 504 saluni ya petroli, lita 2. Ipo Dar.
- Citroën 2CV ya cc 602, imekaa bila kuwashwa. Bei nzuri kupita kiasi.

Moyo uko kwenye Beetle. Naomba kujua: siku ya kwenda kuiona nikague nini kwa mikono na macho? Ni geji zipi niweke kwanza? Na mkanda wa feni ukikatika njiani nitajuaje, maana naambiwa wenzangu wanausikia?

Tafadhali msiniandikie "nenda na mtu anayesikia". Nataka niijue mwenyewe.

---

FundiPlagi:

Karibu mkuu. Nianze na jambo ambalo wanaosikia huwa hawapendi kuambiwa: kwenye injini ya Beetle, sikio linadanganya. Valvu iliyolegea inapiga kelele, ila haina madhara makubwa ya haraka. Iliyobana iko kimya kabisa, na ndiyo inayoua injini, kwa sababu haikai vizuri kwenye kiti chake, haipozi, inaungua, na ikikatika kichwa inatoboa pistoni. Mtu anasema "injini imetulia" kumbe ekzosi ya silinda namba 3 inakwisha. Fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) haina tabia hiyo, nayo inatumia vidole.

Siku ya ukaguzi, fanya haya injini ikiwa IMEZIMWA na ya baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe asubuhi hiyo. Ukifika ukaikuta ya moto, anaficha kitu.

1. Shika pulei kubwa ya krenki kwa mikono miwili, ivute kuelekea kwako kisha isukume. Mchezo unaoruhusiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, na mwisho wa uvumilivu ni 0.15. Kwa mkono, kiwango hicho huwezi kukihisi kabisa. Ukihisi pulei inagota mbele na nyuma, beringi kuu imekwisha au nyumba yake imepanuka, na hapo ni kufungua injini nzima. Kipimo hiki peke yake kinakuokolea pesa nyingi kuliko kusikiliza kutwa.

2. Pima kompresheni silinda zote nne, kabureta ikiwa wazi kabisa. Nzima inatoa psi 100 hadi 140. Ikishuka chini ya 80, au silinda moja ikapishana sana na wenzake, andaa bajeti. Muuzaji akikataa plagi zifunguliwe, muage kwa heshima.

3. Toa plagi uzipange kwa namba zake. Silinda 1 iko kulia mbele, 2 kulia nyuma, 3 kushoto mbele, 4 kushoto nyuma ("mbele" ni kuelekea mbele ya gari). Kahawia ni nzuri, nyeupe inaendeshwa kwa moto au mafuta machache, nyeusi ya masizi inakunywa mafuta. Ile ya namba 3 itazame na kioo cha kukuza. Vidoadoa vya rangi ya fedha kwenye kauri ni alumini ya pistoni: injini imekuwa ikigonga kwa taimingi mbovu (cheche za plagi kuwaka kwa wakati usiofaa).

4. Inua kiti cha nyuma. Betri inakaa hapo kulia, na sakafu yake ndiyo huoza kwanza. Namba ya chasisi imepigwa kwenye mgongo wa kati, chini ya kiti hichohicho. Ilinganishe na kadi kabla hujafungua pochi.

Ukiinunua, valvu zipimwe kila kilomita 5,000 pamoja na kumwaga oili. Hii oili ni lita 2.5 tu na haina filta, ina chujio la waya chini. Nati sita ndogo za chujio zikazwe Nm 7, si zaidi, maana stadi zake zinang'oka kwa urahisi ajabu.

Valvu zinapimwa hivi. Injini iwe imelala usiku kucha. Fungua kifuniko cha distribyuta, zungusha injini kwa spana 21 kwenye nati ya dainamo (au spana 30 kwenye bolti ya krenki) hadi rota ielekee kimkwaruzo kilicho kwenye ukingo wa distribyuta, na alama ya pulei ikae sawa na maungio ya krenkikesi. Hapo silinda 1 iko juu kabisa. Fila ya milimita 0.15 ipite katikati ya skrubu na shina la valvu kwa kukwaruza kidogo, kama haipiti legeza nati ya 13, rekebisha kwa bisibisi, kaza, PIMA TENA, kwa sababu ukikaza nati skrubu huzunguka nayo. Kisha zungusha pulei nusu mzunguko kinyume na saa, fanya silinda 2. Nusu tena, 3. Nusu tena, 4. Kinyume na saa, ndiyo: mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, ukirudi nyuma unazipata kwa hesabu ya kawaida.

Kila mara andika ulichokikuta kabla hujarekebisha. Valvu ikiwa inabana kila sevisi, hapo kuna ugonjwa: ama inarefuka ama kiti kinazama. Ukiona namna hiyo kwenye ekzosi ya 3, usingoje mara ya tatu, fungua hedi.

---

WayaMwekundu:

Swali la mkanda na geji nalijibu mimi.

Mkanda mmoja wa Beetle unazungusha dainamo na feni kwa pamoja. Ukikatika, chaji inapotea NA upozaji unapotea sekunde ileile. Taa nyekundu ya chaji ndiyo king'ora chako. Kwenye gari la maji taa ya chaji ikiwaka unaweza kujikokota hadi gereji, ila kwenye Beetle unapaki hapohapo. Mwenye masikio husikia feni ikinyamaza, sawa, lakini naye akifungulia redio yuko sawa na wewe.

Tatizo ni kwamba taa ya chaji na ile ya oili (nyingi zina kijani kwa oili) ni vitone vidogo ndani ya spidomita, na jua la saa saba mchana huzioni. Kwa hiyo ongeza taa ya LED ya milimita 8 au 10 juu ya dashibodi, kwenye mstari wa macho, moja kwa chaji, nyingine kwa oili. Angalizo kubwa: USITOE balbu ya zamani ya chaji. Kama injini ina altaneta, mkondo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha. Ukiweka LED peke yake mkondo unakuwa mdogo mno, altaneta haiamki, betri inakufa na taa inakuchanganya. Acha balbu mahali pake, LED iende sambamba nayo: chanya upande wa suichi, hasi upande wa waya unaokwenda kwenye altaneta.

Kisha ongeza mtetemo. Chukua mota ndogo ya volti 12 yenye uzito ulioelemea upande mmoja, ifunge chini ya fremu ya kiti cha dereva. Relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) mbili za kawaida:

- Relei ya oili: mguu 86 kwenye waya wa suichi, 85 kwenye waya unaokwenda kwenye swichi ya presha ya oili. Swichi ile inajifunga kwenye bodi presha ikipotea.
- Relei ya chaji: 86 kwenye suichi, 85 kwenye waya wa taa ya chaji unaokwenda kwenye altaneta au dainamo.
- Zote mbili: 30 ipate umeme kupitia fyuzi ya ampea 5, 87 iende kwenye mota.
- Dayodi 1N4007 kwenye kila relei katikati ya 85 na 86, mstari mweupe wa dayodi ukiwa upande wa 86. Bila hiyo relei ikiachia inarusha umeme wa juu kwenye waya na LED yako haichukui muda.

Uzuri wa mpango huu: ukifungua suichi kabla ya kuwasha, kiti lazima kitetemeke. Kisipotetemeka, mfumo umekufa na umejua kabla hujatoka getini. Injini ikishika, mtetemo unakoma. Hapo umejua pia kwamba imewaka na uachie ufunguo, stata isisagane na flaiwili.

Hakikisha kwanza gari ni volti 12. Beetle za zamani zaidi ni volti 6.

Swichi ya oili inaachia na kuzima taa presha ikifika kidogo tu, psi 2 hadi 6 hivi, na inajifunga tena ikishuka chini ya hapo. Yaani taa inapowaka mambo yameshaharibika. Kwa hiyo geji ya kwanza kununua ni ya presha ya oili. Kitabu kinataka takriban psi 42 kwa mizunguko 2,500 oili ikiwa nyuzi 70, na ikishuka chini ya 28 injini imechoka. Weka kiungo cha T pale swichi ilipo ili ubaki na swichi na sensa vyote. Nyuzi za skrubu za pale ni M10x1 na ni za kuchongoka, usilazimishe bolti iliyonyooka, krenkikesi ni magneziamu na hupasuka.

Ya pili ni takomita, waya wake kwenye mguu namba 1 wa koili. Spidomita nyingi za zamani zina vistari vyekundu vya kikomo cha kila gia, vinasaidia kubadilisha gia kwa macho, ila takomita ni bora kwa kutafuta misi (silinda inayoruka bila kuwaka).

---

Pwani504:

Mombasa hapa. Nitetee Peugeot kidogo, maana 504 ndiyo iliyobeba watu pwani yote hii, na ilishinda Safari Rally 1975 na 1978.

Kwa ndugu Boxer, 504 ina geji ya joto la maji tangu kiwandani, na hiyo ni nusu ya ulinzi unaoutafuta. Ila ina kituko chake. Feni ya petroli nyingi za lita 2 haizunguki muda wote, ina klachi ya sumaku: swichi ya joto kwenye rejeta ikifunga, umeme unapita kwenye brashi ya kaboni, sumaku inashika, feni inaanza kuvuma. Wenye masikio hujua feni imeshika kwa ule mvumo. Brashi ikiisha, feni inazembea, na kwenye foleni ya Likoni maji yanachemka.

Dawa: chomeka LED kwenye waya unaokwenda kwenye brashi. Ikiwaka, umeme umefika. Geji ikiendelea kupanda na LED inawaka, tatizo ni brashi au sumaku. Geji ikipanda na LED haiwaki, tatizo ni swichi ya joto, fyuzi au waya. Umeshapata utambuzi bila kufungua bonneti. Valvu za injini hii, baridi: kuingiza 0.10, ekzosi 0.25.

Kuhusu kuagiza kutoka nje, ukiwa Kenya sahau, hairuhusiwi gari lililozidi miaka 8. Unanunua yaliyopo.

---

Boxer1300:

Asanteni sana. FundiPlagi, hiyo ya pulei imenifurahisha, nitaanza nayo. WayaMwekundu, picha za muuzaji zinaonyesha kama ni dainamo (kuna kisanduku cha regyuleta chini ya kiti). Mpango wako wa relei unabadilika?

Na nyie wote mmeigusa "kugonga" mkapita. Hiyo ndiyo inayonitisha. Nasoma kwamba injini ya hewa ikigonga kwa taimingi, dereva anaondoa mguu akisikia. Mimi nitaondoa mguu kwa kigezo gani? Na gari limekaa Arusha miaka, nitalileta usawa wa bahari.

---

WayaMwekundu:

Haubadiliki. Dainamo inajiamsha yenyewe kwa sumaku iliyobaki ndani, kwa hiyo hata hofu ya balbu inapungua. Acha balbu tu, maana ikiwaka nusu nusu usiku inakuambia brashi zimekaribia kwisha, jambo ambalo relei haitalihisi.

---

DadaSpana:

Boxer, swali la kugonga ndilo zito na wengi humu hawalipi uzito, kwa sababu wanategemea sikio na mara nyingi hata hilo halisikii: Beetle injini iko nyuma, madirisha wazi, upepo. Usitegemee kuligundua, izuie injini isifike huko.

Arusha iko kama mita 1,400. Hewa kule ni nyepesi, kwa hiyo mafundi hupunguza jeti kuu ya kabureta (kitundu kinachopima petroli) na kusogeza taimingi mbele ili gari lisilegee. Kule haina shida, presha ndani ya silinda ni ndogo. Lilete Tanga: hewa nzito inaingia, petroli ya jeti ndogo haitoshi, taimingi imetangulia, injini inaenda kwa moto mkali na kugonga. Kwa hiyo kabla ya kuteremka, sio baada:

Fungua jeti kuu usome namba iliyopigwa kichwani. Kabureta ya 34 PICT-3 ya 1600 ilitoka kiwandani na jeti ya kuzunguka 127.5. Ukikuta 120 au chini, rudisha ya kiwandani. Ukikuta namba haisomeki kwa sababu mtu ameitoboa kwa waya, tupa.

Taimingi iwekwe kwa taa ya taimingi. Wale wa "zungusha distribyuta hadi isikike vizuri" waepuke. Kama ni distribyuta ya 009 isiyo na kibofu cha vakyumu, weka alama kwenye pulei ya digrii 30, piga resi hadi 3,300 hivi ambapo haisogei tena, na pale isizidi 30. Mimi pwani ningeweka 28. Unapoteza nguvu ambayo hutaiona na unapata usalama. Kabla ya hapo, pointi ziwe na uwazi wa 0.4, maana ukigusa pointi baada ya taimingi umeibadilisha tena. Plagi 0.6 hadi 0.7.

Kisha geji ambayo kwako naiweka mbele ya takomita (samahani WayaMwekundu): joto la hedi. Ni pete ya shaba inayokaa chini ya plagi badala ya washa, weka silinda 3. Silinda hiyo hupata hewa haba kwa sababu kwenye injini za zamani kipoza oili kimesimama mbele yake. Magari ya kuanzia 1971 mengi yalihamishiwa kipoza pembeni kwenye kibanda chake, ila injini yako imebadilishwa, kaangalie ni ipi. Ukisafiri tambarare utaona nyuzi 170 hadi 200. Ukipanda mlima itasogea. Ikifika 230, shusha gia, punguza mafuta, acha feni izunguke. Hicho ndicho kigezo cha mguu wako ulichokuwa unakiuliza. Injini inayogonga hupandisha joto la hedi haraka kuliko kawaida kwa mwendo uleule, sindano inakuambia kabla pistoni haijaumia.

Misi: kipimajoto cha mwanga cha kushika mkononi. Injini ikiwa imetoka kuwashwa baridi, piga kila bomba la ekzosi karibu na hedi. Lililo baridi kuliko wenzake, silinda hiyo haiwaki.

Na simu yako ina kifaa cha kupima mtetemo. Pakua programu yoyote inayochora grafu ya mtetemo kwa masafa, laza simu sakafuni nyuma ya kiti, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 900 kwa dakika. Krenki inazunguka mara 15 kwa sekunde, kwa hiyo kinachotokea mara 15 kimefungwa kwenye krenki (pulei iliyopinda, klachi isiyo sawa). Mlipuko ni mara 30, huo ni wa kawaida. Mara 7.5 ni kitu kinachotokea mara moja kila mizunguko miwili: silinda moja dhaifu au valvu yake. Tunza grafu ya siku injini ikiwa nzima, ndiyo rejea yako. Mfano wa mtu mwingine haukusaidii, kila gari lina mtikisiko wake.

---

Kiziwi_Barabarani:

Mwenzako hapa. Wamekupa injini, mimi nakupa gereji.

Kanuni ya kwanza: mikono yako ikiwa ndani ya injini, ufunguo uko mfukoni MWAKO. Fundi anayesikia amezoea kupiga kelele "nawasha!" na kuwasha. Kwako kelele hiyo haipo na mkanda uko pale. Mweleze kabla kazi haijaanza, na ukiona hajashika, chomoa waya wa katikati wa koili.

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili wanaosemeshana: "kanyaga, shikilia, achia". Tumieni tochi. Aliye chini ya gari anamulika mara moja: kanyaga na ushikilie. Anafungua nati ya kutolea hewa, anaifunga, ndipo anamulika mara mbili: achia. Aliye ndani asiachie hata kidogo kabla ya mbili, akiachia hewa inarudi. Beetle ya usukani wa kulia ina masta silinda kulia mbele, kwa hiyo anza gurudumu la mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Vitabu vingi vimeandikwa kwa usukani wa kushoto, ndiyo maana utaona mpangilio tofauti. Au fanya peke yako na mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa yenye mafuta ya breki.

Beringi ya gurudumu: inua kwa jeki, weka stendi, mkono mmoja kwenye sahani ya nyuma ya breki, mwingine uzungushe tairi. Beringi mbovu unaihisi kama mchanga. Masikio ya watu hugundua ikiwa imeshavuma, wewe utaipata mapema.

Indiketa husahaulika zikiwaka kwa sababu mlio wake hatuusikii. Ongeza kitaa cha kijani kikubwa juu ya dashibodi. Kioo kipana cha ndani, na viwili vya nje vyenye ukubwa wa maana, vile viduara vya asili ni pambo. Kwenye kizuia jua weka kadi: "Mimi ni Kiziwi. Tafadhali niandikie au nitazame usoni." Trafiki akisimamisha, ionyeshe kabla hujapeleka mkono kwenye droo.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa: moshi. Hita ya Beetle inapitisha hewa kwenye mabomba ya ekzosi. Maganda yake yakitoboka au gasketi ya hedi na ekzosi ikivuja, gesi ya sumu ya kaboni monoksidi inaingia ndani ya gari, haina harufu, na ule mlio wa "pfu pfu" wa uvujaji hatuupati. Injini ikiwa baridi, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio, mwenzako awashe, tazama mapovu. Nunua kitambuzi cha gesi hiyo chenye taa. Pwani hita huihitaji hata hivyo, ziba mabomba yake mawili kwa vifuniko, ila kwenye feni pia uzibe matundu yanayolisha hita, usiiache hewa ya kupozea ikipotea.

---

Mlalakuwa:

Mbona hamuitendei haki 2CV? Kwa mahitaji ya Boxer ina sifa moja kubwa: feni imefungwa moja kwa moja kwenye krenki. Hakuna mkanda wa kukatika ukaua upozaji. Valvu 0.20 zote, silinda mbili tu, hedi unazifikia ukiwa umesimama wima. Injini ikitikisika unaijua kwa kiti, hakuna ziada.

---

FundiPlagi:

@Mlalakuwa kweli, ila pointi zimejificha nyuma ya hiyohiyo feni, na spea hapa kwetu ni za kuagiza Ulaya, kuanzia gasketi. Tena "imekaa bila kuwashwa" kwa 2CV maana yake kwanza chasisi. Ikague kwa bisibisi upande wa nyuma, chuma chake ni chembamba. Na kama ni ya 1981 kuja juu ina breki za diski mbele, zinatumia mafuta ya kijani ya LHM. Mtu akijaza DOT 4 ya dukani, mipira yote inavimba na breki zinashika zenyewe. Fungua kopo la breki ulitazame rangi kabla ya bei kukulevya.

---

Boxer1300:

Nimeamua, naenda kuiona Beetle. Orodha ya kuingia nayo: pulei, kompresheni, plagi, sakafu ya betri, jeti, aina ya kipoza oili, mabomba ya ekzosi. Kuna kitu cha nyuma huku kwenye magurudumu? Nimesoma mahali kwamba magurudumu ya nyuma "hugonga wakati wa kuondoka", na kugonga ndiko nisikokusikia.

---

DadaSpana:

Umeuliza kitu cha maana. Hiyo ni nati kubwa ya ekseli ya nyuma, ya 36. Inatakiwa Nm 300, na mafundi wengi hawana hata spana ya urefu wa kufika nusu ya hapo. Ikilegea, ngoma ya breki inacheza juu ya meno ya ekseli, inayala, na siku moja injini inazunguka, gari halisogei, tena na breki ya gurudumu lile haipo.

Ukaguzi wa mkono: toa kifuniko, tazama kama kuna vumbi jekundu la kutu kuzunguka nati, huo ni chuma kinachosagana. Kisha gari likiwa chini, gia ya kwanza, injini imezimwa na breki ya mkono imeachiwa, mwenzako alisukume mbele na nyuma huku vidole vyako viwili vikiwa nusu kwenye nati na nusu kwenye ngoma. Nati na ngoma zikisogea kwa wakati tofauti, meno yameliwa, ngoma mpya.

Kukaza: tairi zikiwa chini, pini mpya ya kufungia, bomba la mita moja na nusu kwenye mpini. Kilo 20 mwishoni mwa bomba hilo ni karibu Nm 300. Tundu la pini lisipokutana, ONGEZA kukaza hadi likutane, usirudishe nyuma hata nywele. Kisha piga mstari mmoja wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati hadi kwenye ngoma. Kila ukijaza upepo, itupie jicho. Mstari ukikatika, usiondoke.

Na ukiwa huko Arusha, mpira wa petroli ubadilishe kabla ya safari, wote, kuanzia pale unapotoka kwenye ukuta wa injini hadi kabureta. Bomba la shaba nyeupe linaloingia kwenye kabureta lishike kwa vidole ulizungushe: likizunguka, litachomoka siku moja na petroli itamwagika juu ya distribyuta. Kizimamoto kikae chini ya kiti cha mbele. Kwenye buti la mbele hutakifikia kwa wakati.